Hela ya tiba gerezani inamlinda nani?

Kila nikigusia tiba ya wafungwa wa makosa ya ngono naulizwa swali lilelile, eti kodi yetu iende vipi kumtibu mbakaji wakati aliyebakwa hana hata wa kumsikiliza. Jamani, huyu mtu ana tarehe ya kutoka! Wengi wao watatoka, tupende tusipende, na hela hiyo inamlinda mtoto ambaye bado hajaguswa. Aliyeumizwa naye ahudumiwe, hilo sibishani na mtu.

Kinachonikera ni tunavyopiga hesabu. Angalieni Uingereza, magereza ya kule yalikuwa na programu kubwa ya tiba hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafungwa wanakaa kwenye vikundi, wanazungumzia makosa yao, akimaliza anaandikwa amemaliza, na kila mtu anaona kazi imefanyika. Sasa 2017 Wizara ya Sheria ikatoa ripoti, wafungwa 2,562 waliopitia programu wakalinganishwa na 13,219 ambao hawakupitia, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 8.2. Waliotibiwa, asilimia 10 walirudia kosa la ngono. Ambao hawakutibiwa, asilimia 8. Mmenisikia? Mishahara ya wataalamu, mafunzo, vyumba, miaka yote hiyo, halafu waliotibiwa ndio wamezidi! Programu ikaondolewa mwaka huohuo. Walikuwa wanahesabu waliomaliza, wakati cha kuhesabu ni waliorudia.

Na msiniambie basi tufunge kila kitu. Mtafiti Hanson na wenzake 2009 walijumlisha tafiti 23 za tiba hii, wakapata asilimia 10.9 ya waliotibiwa walirudia, dhidi ya 19.2 ya wengine, na zilizofanya vizuri zaidi ni programu zinazopima hatari ya mtu kurudia kosa kwanza ndiyo zinampa tiba inayomfaa. Hapa ndipo uchumi wenyewe ulipo. Tuseme una watu 100 na 4 tu ndio wangerudia, tiba ikipunguza nusu umezuia makosa ya watu 2. Chukua 100 wengine ambao 30 wangerudia, tiba ileile, gharama ileile, umezuia ya watu 15. Sasa kwa nini tunawajaza darasani wale wa hatari ndogo? Kwa sababu ni watulivu, hawasumbui, wanamaliza!

Haraka haraka, Minnesota kule Marekani wana vikundi vya raia wanaojitolea kumsindikiza aliyetoka gerezani ili asirudie, vimepimwa, faida ikaonekana ni dola 3.73 kwa kila dola 1 iliyotumika. Na hiyo ni nje ya gereza kabisa. Muda umeisha, leteni maswali.