Pima kinga kwa uzi: boksi likisimama kati ya mshale na adui

Leo tuko mezani na Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa kuigiza mashujaa ambamo dadu huamua kama shambulio limefanikiwa, kwa kanuni zilizotoka mwaka wa 2014. Kati yako na adui pana kitu, na unataka kurusha mshale. Wengi hukodolea macho vinyago vya wahusika, mmoja aseme "anaonekana," mwingine "haonekani," na zamu inaliwa na mabishano. Sisi tutapima kinga, yaani kiasi ambacho kitu hicho kinamkinga adui.

Tafuta karatasi ya manila, rula, penseli, uzi wa cherehani wa nusu mita na dadu ya pande 20. Vinyago si lazima. Vifuniko vya soda, vile vile vya drafti, vinatosha. Ila usichore miraba ya inchi moja iliyozoeleka. Kifuniko kina upana wa karibu milimita 29 na inchi ni 25.4, kwa hiyo kitafunika mistari na hutaona kona. Chora sentimita 3 kwa 3. Kila mraba unabaki kuwa futi 5 za mchezo.

Andika A hadi F kutoka kushoto, na 1 hadi 6 kutoka chini kwenda juu. Mpiga mishale akae A1, zimwi F1. Pale D1 weka kipande cha kadibodi kinachojaza mraba wote, kingo zimenyooka: hilo ndilo boksi letu. Ukikata ovyo, uzi utakwama mahali ambapo haukupaswa kukwama.

Sasa tazama mkono wangu. Mwondoe zimwi kwanza, maana uzi wa kona za nyuma hupita juu ya mraba wake. Bana uzi kwenye kona moja ya mraba wa anayeshambulia. Kona anaichagua mwenyewe, na hapa tumechukua ya juu kulia. Uvute hadi kona ya kwanza ya F1, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Ukipinda kwenye kadibodi, mstari umezuiwa. Mstari mmoja au miwili ikizuiwa, zimwi ana kinga nusu: ongeza 2 kwenye namba yake ya deraya, ile ambayo dadu pamoja na nyongeza yako lazima vifikie ili umpate. Mitatu au minne, lakini mshale bado una pa kupenya, kama dirisha lenye grili: ni kinga robo tatu, ongeza 5. Hakuna pa kupenya kabisa? Huwezi kumlenga.

Hapa tumepata miwili. Ile ya kona za chini imegonga kadibodi. Ya kona za juu imeteleza ukingoni tu. Mstari wa ukingoni ndio unaozua ugomvi. Ukiuhesabu umezuiwa, kinga nusu inageuka robo tatu kwa boksi lile lile. Kubalianeni kabla ya vita kwamba ukingo hauhesabiwi, na mwendeshaji wa gemu auandike pembeni mwa ramani.

Hizo namba zina uzito. Tuseme nyongeza yako ya shambulio ni 5 na deraya ya zimwi ni 13: unahitaji dadu 8 kwenda juu, yaani asilimia 65. Kinga nusu inakushusha hadi 55, robo tatu hadi 40.

Basi usirushe kutoka hapo. Panda hadi A2, upime: bado miwili. A3: mmoja, nao bado ni kinga nusu. A4, ukishika kona ya juu kulia, uzi unagusa ncha ya boksi na kupita. Kinga imekwisha. Umetumia futi 15, na mtu wa mwendo wa futi 30 kwa zamu bado ana nusu ya mwendo wake.

Kinga hazijumlishwi. Boksi na pipa, vyote vya nusu, havifanyi 4. Chukua iliyo kubwa zaidi. Ukungu na pazia huficha tu, havikingi: usiyemwona unamrushia dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Na kombora la moto likilipuka, uzi wa kinga unaanzia pale lilipolipukia, si kwa mchawi aliyelirusha. Hilo hukosewa sana. Nyongeza ile ile ya 2 au 5 huingia kwenye jaribio la zimwi la kukwepa kwa wepesi.

Mwisho, kiumbe pia ni kizuizi, hata awe mwenzako. Toa kadibodi, weka kifuniko cha rafiki D1: kinga nusu. Ipo kanuni ya hiari hapa: dadu na nyongeza zikifika 14, umemkosa zimwi mwenye 15 kwa sababu ya kinga, ingawa ungempata bila hiyo. Kama deraya ya rafiki ni 13 au chini, mshale ni wake. Muulize namba yake kabla dadu haijatoka mkononi.