Radi, Mabati na Utukufu

Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru wachungaji na wazee wa makanisa mlionialika Tororo, na nawashukuru zaidi kwa kukubali tuzungumze Kiswahili. Humu ndani naona Jopadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, na madereva wawili watatu wa malori ambao foleni ya mpakani Malaba imewageuza kuwa washirika wa Tororo kwa siku moja. Karibuni wote.

Mada mliyonipa ni nguvu za Mungu katika dhoruba. Sijui mji wa Uganda unaoistahili kuliko huu wenu. Kati ya 1967 na 1976 zilihesabiwa hapa, kwa wastani, siku 251 za ngurumo kila mwaka, na jina la Tororo likaingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Piga hesabu: katika kila siku tatu, mbili zilinguruma. Kwa hiyo sikuja kuwaeleza radi inavyolia. Nimekuja tuongee juu ya yale tunayoyasema ikishapiga, maana hapo ndipo Wakristo wengi tunapoharibu.

Kwanza, inatoka wapi? Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria. Hewa ya nchi kavu inapanda, upepo wa ziwani unakuja kushika nafasi yake, umebeba unyevu. Ukifika huku unakutana na vilima na miinuko ya kuelekea Mlima Elgon, unasukumwa juu, wingu linanenepa mpaka kimo ambako maji huganda. Huko juu chembe za barafu na mvua ya mawe zinagongana, umeme unajikusanya, kisha unatafuta pa kutokea. Hewa inayopitiwa na radi hufika karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Inapanuka kwa ghafla kiasi kwamba inapasuka, na huo mpasuko ndio ngurumo. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa bado lina uvuguvugu, pepo za kutoka kila pande zinakutana juu ya maji. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwani hupiga usiku mpaka alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako nje na taa zao.

Kuna ndugu wanaoogopa maelezo kama haya. Wanadhani ukishajua barafu inagongana na nini, Mungu amepunguzwa. Mimi naona Ayubu hakuogopa. Sura ya 28, mstari wa 26, inasema Mungu aliiwekea mvua amri, na umeme wa radi akauwekea njia. Sikieni hiyo: njia. Radi haizururi. Ina njia aliyoiweka Muumba, na mtoto wa shule anayejifunza fizikia anaisoma njia hiyo. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Sasa Zaburi ya 29. Mtunzi ameiona dhoruba ikitoka baharini, ikapanda Lebanoni, ikashuka mpaka jangwa la Kadeshi. “Sauti ya Bwana i juu ya maji, Mungu wa utukufu alipiga radi.” Inaivunja mierezi. Angekuwa mtu wa Busoga angeandika mivule, na dhoruba yake ingeanzia ziwani ikapita Jinja na Iganga ikija huku kwenu. Zaburi hiyo haina hata ombi moja mpaka mstari wa mwisho kabisa. Mtunzi haombi radi ikome, wala haombi impige jirani. Anatazama tu, na waliomo hekaluni wanasema neno moja: Utukufu. Nadhani tumeusahau ustadi huu wa kutazama bila kuomba kitu. Maombi yetu yamekuwa orodha ya mahitaji, na Mungu akinguruma tunakimbilia kuongeza vitu katika orodha.

Lakini siwezi tena kuisoma zaburi hiyo kama nilivyoisoma zamani. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Mvua ikaanza, radi ikapiga. Wakafa 14, wakajeruhiwa 34. Wengi walikuwa vijana na watoto. Wazazi wao walikuwa wamekimbia bunduki, wakafika Uganda wakapumua, na watoto wakafia kwenye maombi.

Nani atasimama hapo aseme Utukufu?

Walikuwepo waliosema mengine. Nimeyasikia makanisani, nanyi mmeyasikia: labda kulikuwa na dhambi katikati yao, labda mahali pale palikuwa na madhabahu ya kale, labda kuna mchawi aliyeituma. Wazee wetu wa Buganda walikuwa na Kiwanuka, mungu wa radi. Tumemwacha, tumebatizwa, tumepewa majina ya mitume, lakini mara nyingi tumebadilisha jina tu. Bado tunaamini radi ni hakimu anayechagua mwenye kosa. Na hatari ya imani hiyo haiishii kwenye mahubiri. Mtu akipigwa na radi kijijini, kesho yake kikongwe fulani anachomewa nyumba.

Yesu aliletewa jambo hilihili. Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu kumi na wanane, naye akauliza kama wasikilizaji wake walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: “Nawaambia, Sivyo.” Kumi na wanane. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliua watoto 18. Idadi imelingana kwa bahati tu, sitaki kuijengea fundisho. Lakini mhubiri yeyote anayetaka kueleza kwa nini watoto wale, jibu la Bwana wake liko wazi mbele yake. Sivyo. Marafiki wa Ayubu nao walikuwa na maelezo mazuri sana ya kwa nini upepo uliangusha nyumba juu ya wanawe. Mungu alipokuja, akinena kutoka katika upepo wa kisulisuli, aliwaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake. Ayubu mwenyewe hakuelezwa sababu. Alionyeshwa theluji, mvua ya mawe, kunguru na punda-mwitu, sura baada ya sura.

Najua kuna mtu amekwisha kufungua Yona. Fungua, ndugu yangu. Ni kweli dhoruba ile ilitumwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ila angalia ni nani aliyesema hivyo: Yona mwenyewe, juu yake mwenyewe. Hakuwa jirani anayenyoosha kidole. Mabaharia wale wapagani, hata baada ya kuambiwa, walivuta makasia kwa nguvu wakijaribu kumrudisha pwani mzima. Walimhurumia kuliko sisi tunavyowahurumia marehemu wetu.

Na mvua ya mawe ya Misri, Kutoka sura ya 9? Huo ndio mlango nilioutaka. Pale ilikuwa hukumu kweli, imetangazwa na Mungu siku moja kabla. Lakini pamoja na tangazo lilikuja agizo: ingizeni watu na wanyama ndani, kila kitakachobaki shambani kitakufa. Basi watumishi wa Farao waliolicha neno la Bwana waliwakimbiza watumwa wao na ng'ombe wao nyumbani. Asiyejali aliwaacha nje. Kumcha Mungu siku ile kulionekana kwa miguu. Aliyemcha alikimbia ndani, na akakimbiza na ng'ombe.

Ulaya ya karne ya 18 haikuisoma hivyo. Dhoruba ikija waligonga kengele za kanisa ili kuifukuza, na minara ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko majengo yote. Wapiga kengele wengi walikufa wameshika kamba. Benjamin Franklin alipoeleza habari za nondo ya kukinga radi, mwaka 1752, wapo waumini waliosema huko ni kumzuia Mungu mkono. Nimekutana na hoja hiyo hapa Uganda, imevaa nguo mpya: “Sisi tumefunikwa na damu ya Yesu, waya wa shaba wa nini?” Mtu huyohuyo ana kufuli mlangoni.

Tulisema radi ina njia. Tazameni makanisa yetu ya vijijini. Ukuta wa matofali ya udongo, paa la mabati, sakafu ya udongo, na watoto wengi hawana viatu. Radi ikishuka juu ya mabati, haina chuma wala shaba ya kuipeleka ardhini. Inatafuta njia, na walio chini ya paa wanakuwa njia. Hata asiyeguswa juu anaweza kufa kutoka chini, kwa umeme unaosambaa ardhini na kupanda mguu mmoja kushukia mwingine. Ng'ombe miguu yake imeachana sana, ndiyo sababu kundi zima hulala chini ya mti mmoja. Kinga yenyewe haina fumbo: nondo juu ya paa, waya mnene unaoshuka pande za jengo, na vyuma vilivyozikwa vizuri ardhini. Ifanywe na fundi anayejua, kwa maana kazi ya nusu inaweza kuwa mbaya kuliko kutofanya. Na waya wa shaba ufichwe, kwa sababu wezi wa shaba wa nchi hii hawaogopi radi wala kanisa.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya uzungushe ukingo darini, mtu asianguke, damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Musa hakusema waombeeni wanaopanda darini. Sidhani aliwakataza kuwaombea pia.

Hayohayo ningesema juu ya maporomoko ya ardhi milimani. Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010. Bududa tena Oktoba 2018. Bulambuli Novemba 2024. Mvua ni ya Mungu. Mteremko uliovuliwa miti ni wetu. Sitaingia huko leo, ni mhadhara mwingine.

Nirudi kwa Yesu mashuani, Marko 4, kwa sababu hapo naona nguvu za Mungu kuliko katika radi zote. Bahari ya Galilaya ni ziwa dogo. Ziwa Viktoria linalizidi ukubwa zaidi ya mara 400. Lakini liko bondeni, limezungukwa na vilima, upepo ukiteremka ghafla jioni mashua hazina pa kukimbilia. Nao walikuwa wavuvi, wakamwamsha kwa swali ambalo Palabek nao wangeliuliza: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Hakuwaambia ni nani kati yao mwenye dhambi iliyoleta upepo. Aliukemea upepo, kukawa shwari kuu, na ndipo Marko anapoandika kwamba waliingiwa na hofu kuu. Ya dhoruba waliyazoea, wamekulia ziwani. Walimwogopa aliyekuwa amelala juu ya mto muda mfupi kabla. Aliyelala katika mashua ileile inayojaa maji, kumbukeni, angeloweshwa pamoja nao.

Kwa hiyo nasema Utukufu bado, hata baada ya Palabek, lakini nausema nikiwa upande wa waliomo mashuani.

Wachungaji, ombi langu kwenu ni la kazi. Mkutano wa hadhara ukiendelea uwanjani, mkasikia ngurumo, fungeni mkutano hata kama mhubiri yuko katikati ya wito. Watu wasikae chini ya tenti la nguzo za chuma wala chini ya mwembe. Matatu iliyofungwa milango na vioo ni salama zaidi. Msiwarudishe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mkipata fedha za kinga ya jengo moja tu, msianze na kanisa. Anzeni na shule ya kanisa, kwa sababu watoto wako pale siku tano kwa wiki, na dhoruba za huku hupenda kuja alasiri, kengele ya kuwaruhusu bado haijalia.