Sekunde Chache Zilizobaki

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana, hamjambo?

Jioni hii nitamzungumzia mtu mmoja tu. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika Vita Kuu ya Pili, na nimeona kwamba nikizitaja hesabu hizo watu hutikisa kichwa, kisha husahau. Leslie Manser, rubani wa kikosi hicho, hasahauliki.

Alizaliwa New Delhi tarehe 11 Mei 1922, baba yake akiwa mhandisi katika idara ya posta na simu huko India. Mwaka 1940 akajiunga na jeshi la anga, na kufikia Agosti 1941 alikuwa rubani katika Skwadroni ya 50, huko Lincolnshire, Uingereza.

Usiku wa tarehe 30 Mei 1942, Uingereza ilirusha ndege zaidi ya 1,000 kuupiga mji mmoja wa Ujerumani, Cologne. Ili hesabu hiyo itimie, walikusanya hata ndege za mafunzo. Manser alipewa Manchester kuukuu. Hiyo ilikuwa ndege nzito yenye injini mbili tu, na injini zake zilijulikana kwa kuchemka na kuzimika angani. Mwezi uliofuata Manchester ziliondolewa vitani kabisa. Kwa watu saba waliopanda usiku ule, uamuzi huo ulichelewa.

Naomba tusiwasahau waliokuwa chini. Usiku ule watu zaidi ya 450 walikufa Cologne, na maelfu wakabaki bila makazi. Nampenda kijana huyu, lakini siwezi kusimulia ushujaa wake nikaruka misiba ya nyumba zile.

Juu ya mji, taa za kumulika zikamnasa. Aliangusha mabomu akiwa futi 7,000, mizinga ikaipiga ndege. Akaishusha kwa kasi hadi futi 1,000, akiyumba huku na huku kuikwepa mizinga. Alipotoka nje ya mji, mpiga bunduki wa nyuma alikuwa amejeruhiwa na moshi umejaa ndani. Wangeweza kuruka hapo hapo, lakini wangeangukia mikononi mwa adui. Manser akaelekeza ndege nyumbani.

Kisha injini ya kushoto ikalipuka moto. Dakika kumi nzima bawa linaungua na wao wanatazama. Moto ukazimika, injini nayo ikafa moja kwa moja.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Ndege inayovutwa na injini ya upande mmoja hujipinda. Rubani anaikaza kwa mikono na miguu, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo inavyozidi kumshinda. Akiachia tu, inabiringika, na waliomo ndani hawaufikii mlango. Kwa hiyo wenzake hawakuweza kuruka pasipo yeye kukaa.

Walikuwa wamefika Ubelgiji. Manser akaamuru waruke. Sajini mmoja akamletea parachuti, yeye akaisukuma kando kwa mkono: ruka sasa hivi, naweza kuishikilia sekunde chache tu. Sajini akaruka. Wakiwa wananing'inia kwenye parachuti zao, waliiona ndege ikianguka na kuwaka karibu na mji wa Bree. Manser alikuwa ametimiza miaka 20 siku 20 tu kabla ya hapo.

Sita walifika chini hai. Mmoja alitekwa. Watano walifichwa na Wabelgiji, watu ambao wangekamatwa wangeuawa, wakapitishwa katika njia ya siri iliyoitwa Comet. Mwanzilishi wake alikuwa msichana Mbelgiji wa miaka 25, Andrée de Jongh, ambaye mwenyewe aliwavusha askari milima ya Pyrenees kwa miguu hadi Hispania. Alikamatwa Januari 1943 akapelekwa kambi za mateso, akatoka hai.

Bila Wabelgiji wale na msichana yule tusingejua lolote. Ingekuwa ndege moja kati ya 41 ambazo hazikurudi usiku ule. Wale watano walifika Uingereza, wakaeleza walichokiona, na mnamo Oktoba 1942 Manser akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Ilipokewa na familia yake.

Yeye amezikwa Heverlee, Ubelgiji. Na yule sajini aliyemletea parachuti, jina lake Leslie Baveystock, alirudi vitani akiwa nahodha wa ndege, ameketi kwenye kiti kile kile cha rubani, wengine nyuma yake.