Mwalimu Ajue Kiasi Gani?

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, nanyi wazazi mliofika, assalamu alaykum na hamjambo.

Leo tumzungumzie mwanafunzi ambaye ukimtazama huoni ila yoyote, kumbe ana selimundu, yaani maradhi ya damu ya kurithi, au kifafa, au sikio moja halisikii. Hapa Malindi selimundu si maradhi ya kusikia kwa mbali. Figo za mtoto huyo hushindwa kuhifadhi maji ipasavyo, kwa hivyo hunywa sana na kwenda msalani mara kwa mara. Akikaa na kiu katika joto hili letu, chembe nyekundu za damu hupinda, zikaziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa yakamlaza kitandani. Sasa anyoosha mkono, naye mwalimu amuuliza mbele ya darasa zima, “Tena? Una nini wewe?” Hapo hana budi kutaja maradhi yake hadharani au kuacha kunywa maji, na mtoto mwenye haya ataacha maji.

Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo wapewe wote: kila mtoto awe na chupa yake ya maji, na anayetaka kutoka atoke bila kuhojiwa. Hapo mgonjwa husaidiwa bila kunyooshewa kidole.

Kifafa kina hukumu yake, kwani mwalimu wa darasa hana budi kujua mapema. Lakini ajue nini? Ajue kwamba mtoto akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, asishikwe kwa nguvu, na degedege likipita dakika 5 apelekwe hospitali. Ni nani mwingine katika ukoo aliye nacho kifafa, hilo halimhusu. Mji wetu ni wa jamaa na majirani. Neno lililotoka chumba cha walimu adhuhuri hufika barazani kabla ya magharibi, na binti huweza kukosa posa kwa ajili yake miaka mingi baadaye.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, mtoto akiwemo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi. Basi pale ambapo cheti cha daktari kinahitajika, kwa mfano kumwombea mtahiniwa muda wa ziada, kifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu, na kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote, mzazi na mwanafunzi mwenyewe waulizwe kwanza.