Mwache Mbwa Amalize Kunusa

Habari za asubuhi nyote, asanteni kwa kuamka mapema Jumamosi. Naona wengine mmekuja na mbwa wenu kabisa, huyo mweupe hapo nyuma mpeeni maji jamani, ameanza kuhema.

Nianze na mbwa wetu, jina lake Simba. Si wa kizungu, ni hawa wetu wa kawaida wa rangi ya udongo, na miaka miwili ya kwanza tulimlea venye wengi hapa Nakuru tunalea mbwa, mchana ndani ya kibanda cha mabati, usiku anafunguliwa alinde boma, jioni ugali na omena, basi. Alikuwa anabwekea hadi upepo. Majirani wakasema huyu ni mkali na sisi tukafurahi, si ndio tulitaka. Sasa shule zikafungwa, binti yangu akasema baba twende na Simba Menengai, ule mlima wa volkano hapa Nakuru, tukauliza getini kama mbwa anaingia, tukakubaliwa bora awe na kamba.

Njia nzima alivuta ile kamba mpaka mkono ukaniuma. Lakini tulipoingia kwa miti akatulia. Akapata gogo, gogo tu limeoza limelala kando ya njia, akalinusa kutoka huku mpaka kule, akarudi, macho yamefunga nusu, pua inacheza, ulimi ameurudisha ndani kabisa, nikaona dakika tatu zinaisha. Nikataka kumvuta twende. Binti akaniambia, baba, mwache amalize.

Hiyo ndiyo kitu moja nimekuja kuwaambia leo. Mwache amalize. Mbwa ana seli za kunusa zaidi ya milioni 100, mimi na wewe tuko nazo kama milioni 5 ama 6. Sisi tunapanda mpaka mita 2,278 pale juu tuone lile bonde la volkano, karibu kilomita 12 kwa 8, tuone mvuke ukitoka chini, tupige picha, tumeshiba. Simba hana haja na hiyo picha. Safari yake iko chini kwa nyasi, pale pimbi amekojoa, pale nyani wamelala jana, sasa ukimkimbiza ufike juu haraka ni kama umemualika sherehe halafu ukamfungia nje. Siku hizi tukienda hatuna haraka, wakati mwingine hatufiki hata juu, na akirudi nyumbani analala fo fo fo, na ile kubwekea upepo imepungua sana, majirani ni mashahidi.

Ya usalama nitapita haraka. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, jua kali linaweza kumuua. Beba maji yake, lita mbili si nyingi. Mawe ya volkano ni makali, angalia nyayo mkipumzika. Mkirudi tafuta kupe, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, bila hiyo usitoke naye. Na kamba isitoke mkononi, nyani dume ana meno ya kumpasua mbwa.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu Lake Nakuru pale ndani kwa vifaru. Hapana. KWS, shirika la wanyamapori, hawaruhusu mbwa kwa mbuga za kitaifa na mimi nawaunga mkono kabisa. Mwaka wa 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na inaaminika ilikuwa imetoka kwa mbwa wa kufugwa. Hata Marekani, ambako mbuga nyingi za majimbo ziko na kebini za kulala na mbwa wako, si kila mahali. Kwa mbuga zao za kitaifa, Shenandoah mbwa anatembea njia karibu zote akiwa na kamba isiyozidi mita 1.8, Yellowstone hagusi njia za kutembea hata moja.

Sisi kebini zetu ni banda. Disemba tulipata banda la mbao kwa shamba la mtu upande wa Molo, tukapiga simu kwanza, mwenyewe akakubali. Tulibeba gunia lake analolalia nyumbani, hilo msisahau, mahali pageni anataka harufu yake. Usiku wa kwanza hakulala. Alizunguka kila pembe, chini ya kitanda, nyuma ya jiko, akaenda kujiweka mlangoni masikio yamesimama. Mnajua baridi ya Molo. Kama saa nane hivi nikasikia kucha kwa mbao, tak tak tak, akaacha mlango, akaacha gunia, akapanda akalala juu ya miguu ya binti yangu. Miaka miwili alikuwa amelala peke yake nyuma ya nyumba yetu.

Asubuhi nikafungua mlango, ukungu umefunika kila kitu, hata ua wa nyumba huuoni. Akasimama kizingitini, mguu mmoja wa mbele juu, pua imeinuka. Hakubweka. Nikasimama naye hapo na chai yangu mpaka ikapoa.

Jumamosi ijayo tunaenda Menengai, wenye mnataka tupatane barabarani kabla ya geti saa kumi na mbili na nusu, kuja na kamba, maji na kadi ya chanjo. Haya, nani ako na swali? Mama wa huyo mweupe, anza wewe.