Kozi Bado Hazijaisha: Uombe Udaktari Mwaka Huu au Usubiri?

Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kukaa viti vya mbele. Nitaanza na jibu, ili wenye haraka waweze kujiondokea. Ndiyo, unaweza kuomba nafasi katika chuo cha udaktari Marekani kabla hujamaliza kozi zote za sayansi zinazotakiwa. Kwa vyuo vilivyo vingi, sharti ni kwamba kozi hizo ziwe zimekamilika kabla ya kuanza masomo ya udaktari, si kabla ya kutuma maombi. Na kati ya siku hizo mbili kuna zaidi ya mwaka: fomu unaituma Juni, darasani unaingia Julai au Agosti ya mwaka unaofuata.

Naona hakuna aliyeondoka. Vizuri, maana swali la kuruhusiwa ndilo jepesi. Linaloumiza kichwa ni jingine: siku mjumbe wa kamati ya udahili atakapofungua faili lako, atakuta umeshathibitisha nini?

Tukumbushane kozi zenyewe. Baiolojia mwaka mmoja, kemia ya jumla mwaka mmoja, kemia ogania mwaka mmoja, fizikia mwaka mmoja, zote pamoja na maabara. Siku hizi vyuo vingi vinaongeza biokemia, na vingine vinataka takwimu, saikolojia au uandishi. Orodha hii ina umri. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893 kilidai mwombaji awe na shahada ya kwanza, jambo lililoonekana kama kiburi wakati ule. Mwaka 1910 mtaalamu wa elimu Abraham Flexner akatoa ripoti yake baada ya kupita kwenye vyuo 155 vya Marekani na Kanada, akakuta vingi vinampokea hata mtu ambaye hakumaliza sekondari. Yeye ndiye aliyesukuma mwanafunzi wa udaktari afike akiwa ameshasoma baiolojia, kemia na fizikia za chuo. Zaidi ya miaka mia imepita na bado tunamlipa Flexner deni lake.

Kuna waliolegeza kamba. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, tangu mwaka 1987 ilikuwa na mpango wa kuwapokea mapema wanafunzi wa fasihi, historia na masomo ya jamii bila MCAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa jumla walifanya sawa na wenzao. Lakini ule ni mlango maalumu, una utaratibu wake na ushindani wake. Asije mtu akaniambia kesho kwamba nilisema kemia haina maana.

Sasa njooni tuiangalie fomu, kwa sababu mambo mengi yamejificha humo. Vyuo vingi vinavyotoa MD, yaani shahada ya udaktari, hupokea maombi kupitia mfumo mmoja, AMCAS, unaoendeshwa na chama cha vyuo hivyo, AAMC. Humo unaandika kila kozi uliyowahi kusoma chuoni, hata ile uliyofeli ukairudia. Kila kozi ina mstari wake: mwaka, muhula, jina, krediti, alama. Kozi ambayo hujaisoma unaiandika pia, ukionyesha kuwa ni ya sasa au ya baadaye, na mahali pa alama panabaki patupu. Mfumo hukokotoa wastani wako wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati kutokana na zile zenye alama peke yake. Ukishatuma, huwezi tena kubadili sehemu ya kozi. A utakayoipata Desemba haitagusa wastani ule. Utawatumia vyuo matokeo mapya mwenyewe, na watayasoma wakipenda, kwa wakati wao.

Kwa hiyo chukueni waombaji wawili, nimewatunga mimi. Wa kwanza ana alama nzuri za baiolojia, kemia zote mbili na biokemia. Kilichobaki ni fizikia ya muhula wa pili. Mstari mmoja mtupu, na mistari kumi juu yake inamsemea. Huyo atume, asipoteze usingizi. Wa pili alisoma uchumi, akabadili nia mwaka jana, na ana kemia ya jumla na baiolojia ya muhula mmoja tu. Kemia ogania yote, fizikia yote na biokemia zimeandikwa "baadaye". Huyu naye anaruhusiwa kutuma, hakuna atakayemzuia. Ila anaiomba kamati imwamini katika jambo lile lile ambalo kamati ipo ili ilipime, yaani kama anaimudu sayansi ngumu akibebeshwa kozi kadhaa kwa pamoja.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Sihesabu kozi ngapi zimebaki. Natazama ni zipi. Ikiwa zilizobaki ni za kutimiza sharti tu, omba. Ikiwa ndizo zilizopaswa kukutetea, subiri. Na kama alama zako za mwanzo zilikuwa mbaya na unapanda sasa hivi, kozi za mwaka huu ndizo wakili wako. Ukituma kabla hazijatoa alama, umeingia mahakamani peke yako.

MCAT ndiyo inayowakata wengi. Alama zake zinaanzia 472 hadi 528. Sehemu ya kemia na fizikia ina takriban asilimia 30 ya kemia ya jumla, asilimia 25 fizikia, asilimia 25 biokemia na asilimia 15 kemia ogania, na baiolojia kidogo. Sehemu ya baiolojia nayo ina kama robo nzima ya biokemia. Jumlisheni wenyewe. Mwanafunzi ananiambia, "Biokemia nitaisoma baada ya mtihani." Sawa, ila utakutana na asidi za amino na vimeng'enya katika sehemu mbili kati ya nne, na wenzako darasani walishavizoea. Kujisomea inawezekana, nimeona watu wakifanya, hasa kwenye fizikia ambayo maswali yake hayaendi mbali sana na kanuni za msingi. Biokemia bila darasa ni kazi nyingine kabisa. Na msiende "kujaribu tu": mtihani huu una kikomo, mara tatu kwa mwaka na mara saba kwa maisha yote.

Halafu barua. Hili halizungumzwi sana. Vyuo vingi vinataka barua za wahadhiri, na mara nyingi wawili wawe wa sayansi. Mwenye kozi mbili za sayansi, zote za ukumbi wa wanafunzi mia tatu, atamwomba nani? Mhadhiri ataandika kwamba ulipata A minus na ulikuwa na nidhamu. Hiyo ni barua ya kumsaidia mtu kupanga chumba.

(Kicheko.)

Tena fikirieni vuli yenyewe. Julai vyuo vinaanza kukurudishia fomu za pili, kila kimoja na insha zake. Ukiomba vyuo ishirini, insha zitakukuta hata jikoni. Kuanzia Agosti na Septemba yanakuja mahojiano. Na muhula huo huo ndio uliojipangia kemia ogania ya pili, fizikia na biokemia, pamoja na maabara mbili za saa tatu tatu. Hata mahojiano yakiwa ya video, yatapangwa siku ya maabara, hilo halikosi.

Nikisema hivyo kuna mzazi hapa atanijibu haraka haraka haina baraka. Mama, katika maombi haya haraka ina baraka zake. Vyuo vingi havisubiri tarehe ya mwisho ndipo visome mafaili. Vinasoma kadiri yanavyofika, na barua za kukubaliwa zinaanza kutoka Oktoba 15. Aliyetuma Juni akiwa kamili yuko mbele ya aliyetuma Septemba. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "tuma tu, ukikosa utarudia". Unalipa ada kwa kila chuo, vyuo vingi vitakuuliza kama umewahi kuomba, na chuo kilichokukataa kinaweza kutaka kujua nini kimebadilika. Juni ijayo ukiwa na faili kamili ni bora kuliko Septemba hii ukiwa na nusu.

Maswali. Dada mwenye daftari, ulianza kuinua mkono zamani.

Anauliza kuhusu kozi alizosoma chuo kikuu nje ya Marekani kabla ya kuhamia. AMCAS haihakiki matokeo ya vyuo vya nje, kwa hiyo kozi hizo haziingii kwenye wastani. Vyuo vingi vitataka usome angalau sehemu ya sayansi katika chuo cha Marekani au Kanada. Usikisie, dada yangu. Ingia kwenye MSAR, ile hifadhidata ya AAMC, usome masharti ya chuo kimoja kimoja, kisha uwaandikie ofisi ya udahili uwe na jibu lao kwa maandishi. Na wewe kaka unayetegemea kozi za AP, zile za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, fanya vivyo hivyo. Baadhi ya vyuo havizihesabu.

Kijana wa nyuma? Anasema ameandika biokemia kuwa ya Januari, lakini akipata nafasi Oktoba anataka kuiacha apumzike. Ninaielewa hamu hiyo. Ila ulipoiandika ulitoa ahadi, na barua ya kukubaliwa huwa na masharti: kozi zinazotakiwa zikamilike, mara nyingi kwa alama isiyopungua C, na matokeo ya mwisho yafike ofisini. Kama chuo kilichokuchukua hakiidai biokemia, waandikie uwaulize kabla hujaiacha. Wakikubali, hifadhi ile barua pepe. Kama wanaidai, Januari nenda kaisome, na usisahau kuagiza nakala ya matokeo mara muhula ukiisha, maana msajili huwa na foleni ndefu Mei.