Hiki Kitafia Wapi? Swali Langu Kabla ya Kulipa

Haya jamani, habari za tangu juzi? Leo siwacheleweshi na salamu, maana meza imejaa kama mnavyoona. Mabegi mawili, koti la mvua, tochi, pawabenki, chupa ya chai. Vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna kampuni iliyonitumia kitu. Na huu unga mweusi kwenye mfuko hapa pembeni ulikuwa soli ya buti. Tutafika huko.

Ujumbe ninaoupata sana kutoka nyumbani ni huu: "Kaka, wewe uko huko vitu viliko, hebu nitajie kampuni nzuri." Huwa sitaji. Si uchoyo. Kampuni hiyohiyo inashona begi la miaka kumi na begi la msimu mmoja, na nembo ni ileile. Bei nayo imenidanganya mara nyingi tu. Kwa hiyo siku hizi nikishika kitu dukani nakigeuzageuza na kujiuliza: hiki kitafia wapi? Kwa sababu vitu havichakai mwili mzima kwa pamoja. Kila kimoja kina mahali pake pa kufia, na hela yangu nataka iende hapo.

Ngoja nisogeze kamera. Tazameni kamba ya bega inapoungana na mgongo wa begi. Mnauona huu mshono mfupi, mnene? Uzi umekwenda na kurudi palepale mara nyingi, mpaka umekuwa kama kovu. Hapo ndipo uzito wote unaponing'inia. Sasa begi la pili. Uzi umepita mara moja, ukaendelea na safari zake. Na begi hili ndilo lenye lebo kubwa: denia 600! Denia ni uzito wa uzi, gramu ngapi kwa mita 9,000, kwa hiyo namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene. Sawa. Lakini hii ni polista, na nailoni ya unene huohuo huvumilia msuguano kuliko polista. Halafu hata kitambaa kiwe ngozi ya kifaru, begi litafia kwenye mshono, na mshono hauandikwi kwenye lebo.

Zipu je? Ijaribu kwenye kona, si pale iliponyooka. Vuta, rudisha, vuta, rudisha, muuzaji akinuna mwache anune. Na kabla hujatupa begi kwa sababu "zipu imekufa", angalia vizuri. Mara nyingi meno ni mazima. Kilichochoka ni kichwa cha zipu, kimepanuka, ndiyo maana unafunga mbele na meno yanaachana nyuma. Chukua koleo, bana kichwa kidogo upande huu, kidogo upande ule, jaribu. Taratibu, kikivunjika usinitafute. Mabegi mawili humu ndani yamefufuka hivyo. Mkiona herufi YKK kwenye zipu, hiyo ni kampuni ya Japani ya tangu 1934. Herufi hizo zinaigizwa pia, lakini zikiwa za kweli zinaniambia mshonaji hakubana matumizi mahali ambapo wengi hawaangalii.

Koti hili nusura nimpe mtu. Lilinigharimu hasa, na mwaka wa pili likaanza kulowa. Nikalitukana mpaka basi. Kumbe makoti haya yana vitu viwili: utando wa ndani unaozuia maji, na dawa iliyopakwa juu ya kitambaa ili matone yaviringike na kudondoka. Dawa ndiyo inayokufa kwanza, inamalizwa na jasho, uchafu na msuguano. Kitambaa cha juu kikilowa, jasho lako halitoki tena, unahisi unyevu, unasema koti linavuja. Utando mzima kabisa! Nikasoma lebo ya ndani, nikalifua kwa sabuni laini bila ile dawa ya kulainisha nguo, nikalisuuza sana, nikalikausha kwa joto dogo. Tazameni sasa nikimwaga maji. Mnaona yanavyokimbia? Isipokubali hivyo, dawa ya kupaka upya inauzwa. Ukinunua koti jipya, ligeuze nje ndani uangalie kama mishono imezibwa kwa utepe. Mshono usiozibwa ni mstari wa matundu ya sindano.

Haya, unga wetu. Hizi buti nilizitunza. Nilizivaa mara chache, nikazifungia kabatini kama mahari, miaka ikapita. Siku nimezitoa kwa safari, hatua kama mia mbili hivi, soli ikabaki njiani. Si gundi. Ni povu la poliyurethani lililo katikati ya soli: unyevu wa hewa unalivunja polepole hata kiatu kikiwa kimelala. Kwa hiyo kiatu cha namna hii ukikipata kwa bei ya kutupa kwa sababu kimekaa stoo miaka, bonyeza povu kwa kidole gumba. Likiwa gumu au linatoa vipande, kirudishe walikokitoa. Na kama unacho, kivae.

Vya umeme sasa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza kama betri. Hii ya tochi inaitwa 18650, jina lenyewe ni vipimo: upana milimita 18, urefu 65. Nzuri za kweli nyingi zinaishia karibu na 3,500 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Hii imeandikwa 9,900! Nikaiweka kwenye mizani. Ya kweli ina gramu kama 45 hivi au zaidi kidogo. Hii ni nyepesi mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Kwenye pawabenki soma Wh, yaani nishati yote iliyomo, usibabaike na mAh. Ile 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani Wh 74, wakati waya wa kawaida unatoa volti 5, na kuna kinachopotea kwa joto, kwa hiyo hizo 20,000 hazifiki zote kwenye simu. Wh hizo ndizo wanazoangalia kwenye ndege pia: mpaka 100 unapanda nayo bila kuomba ruhusa, ila kwenye mkoba wa mkononi, si mzigo wa chini.

Chupa ya chai haina hadithi. Jaza maji ya moto, funga, subiri dakika chache, shika ubavu. Ukiwa wa moto, ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake mbili, halipo, ni kopo tu.

Mwavuli? Nanunua wa rahisi kuliko yote. Mwavuli wangu haujawahi kuvunjika hata siku moja, unafia kwenye kiti cha basi, na hapo hakuna mshono wa kulipia.

Hili begi la denia 600 sirudishi, kitambaa nakipenda. Kesho nalipeleka kwa fundi cherehani apige mishono minne ya kwenda na kurudi kwenye hizi kamba. Likirudi nitalijaza vitabu na kulining'iniza mlangoni wiki nzima, kamera ikiwa hapa. Andikeni chini huko mnadhani kitaanza kuachia kipi, kamba au msumari wangu.